Hong Kong siku ya mvua: panda Star Ferry, achana na Peak

Star Ferry, yaani zile pantoni za kuvusha watu bandarini Hong Kong, ndo huduma bora ya bandarini niliyowahi kutumia, na siku ya mvua ndo inanoga zaidi. Naandika hii kwa ajili ya mabaharia wenzangu wa meli za kitalii, na abiria pia kama mpo humu, manake hizi safari ndefu za miezi zinakupa mji mkubwa kama ule kwa masaa machache tu, na ikitokea siku yenyewe mvua inamwaga wengi wanakata tamaa, wanabaki melini kulala au wanaganda kwenye waifai. Msifanye hivyo jamani.

Kwanza uliza meli inafunga wapi. Kuna Kai Tak, imejengwa juu ya njia ya kurukia ndege ya uwanja wa zamani uliofungwa 1998, gati lenyewe lilifunguliwa 2013, kubwa na la kisasa ila lipo pembeni, lazima basi au teksi ndo ufike kwenye mji wenyewe. Halafu kuna Ocean Terminal pale Tsim Sha Tsui, hii ipo tangu 1966, na mkifunga hapa mmebahatika, unatoka melini unaingia moja kwa moja kwenye jumba la maduka la Harbour City, unatembea ndani kwa ndani bila kuguswa na tone, ukitokea upande wa pili gati la Star Ferry hilo hapo, jirani na ule mnara wa saa uliobaki peke yake baada ya stesheni ya treni kubomolewa.

Sasa kuhusu Peak. Kila meli inauza ile safari ya kupanda mlimani kuangalia mji kutoka juu, na siku ya jua sina neno, nenda. Ila kile kilele kina mita 552 na mawingu ya mvua yanakaa chini ya hapo, kwa hiyo ukifika juu unaangalia weupe mtupu. Nimeona abiria wamelipa hela ndefu wakarudi na picha za ukungu, wazee wa watu wamelowa na wamechoka, roho iliniuma kwa kweli. Kama chini hapo bandarini huoni vilele vya maghorofa ya ng'ambo, basi huko juu hakuna kitu, hela yako itunze.

Badala yake nenda kwenye pantoni. Mtu wa Kigamboni utaizoea ndani ya dakika moja, ni mambo yale yale ya kuvuka mlango wa bahari kwenda kazini, mpaka kadi ipo, inaitwa Octopus, unagusa unapita kama N-Card, isipokuwa hii haibebi magari, ni watu tu. Nauli haifiki dola moja ya Marekani hata ukikaa juu. Huna kadi? Sarafu zinakubalika. Kuvuka ni kama dakika kumi hivi.

Kampuni ilianza 1888, na kabla ya barabara ya chini ya bahari kufunguliwa 1972 watu wa pale walikuwa wanategemea vivuko kuvuka. Ndo maana wanavipenda vile. Mwaka 1966 nauli ya daraja la kwanza ilitaka kupandishwa senti tano tu, kijana mmoja akagoma kula pale pale gatini, baada ya hapo zikazuka fujo siku kadhaa huko Kowloon, yaani upande wa Tsim Sha Tsui. Senti tano! Ukikaa mle ndani na watu wa kawaida wanaotoka kazini, mama na mifuko yake ya mboga, mwanafunzi na begi, unaelewa kwamba kile chombo ni chao, sisi wageni tumekaribishwa tu.

Sasa angalieni vizuri mnapoingia. Mabenchi ni ya mbao na egemeo lake linasukumwa mbele au nyuma, manake pantoni haigeuki, ina usukani huku na huku, kwa hiyo ukikuta benchi limeelekea ulikotoka unasukuma egemeo, klak, unaangalia unakokwenda. Mbao zenyewe zimetobolewa vitundu vya umbo la nyota. Wafanyakazi wanavaa zile sare za bluu za kibaharia, na mkikaribia gati jamaa mmoja anatoa fito ndefu yenye ndoano, anaidaka kamba juu juu, anaizungusha kwenye nguzo, yaani ni sekunde chache na mvua inampiga usoni na hana papara hata kidogo. Mimi kamba ni kazi yangu, nimeshika kamba za meli kubwa mpaka mikono imeota sugu, na nawaambia yule mtu anaijua kazi. Nilisimama kumwangalia mpaka ubao wa kushukia ukashushwa na watu wakanipita.

Na mvua yenyewe inafanya ile bahari iwe nzuri. Maghorofa yanapotelea katikati, chini unaona taa na juu hakuna kitu, matishari yanapita na vivuko vya kijani na nyeupe vinapishana. Kaa ubavuni kama unataka picha, kaa katikati kama hutaki kulowa.

Ng'ambo ya pili, mtaa wa Central kwenye kisiwa cha Hong Kong, unashukia gati namba 7. Hapo usifungue hata mwavuli, panda ngazi, kuna madaraja ya juu yenye paa yanaunganisha jengo na jengo mpaka unafika kwenye zile ngazi za umeme za kupanda mtaa wa Mid-Levels, zipo tangu 1993, ukijumlisha zote ni zaidi ya mita 800, zimeezekwa, na ni bure. Asubuhi zinashusha watu kwenda kazini, kuanzia saa nne zinapandisha, ukimaliza unarudi kwa miguu. Milango ya majengo mengi inakuwa na vimashine vya kuvisha mwavuli mfuko wa plastiki au vya kuukausha, tumieni, wenyeji hawapendi ukidondosha maji kwenye sakafu zao na wana haki.

Kingine cha kupanda ni tramu, hizi za ghorofa, huduma yenyewe ipo tangu 1904. Unaingia kwa nyuma, unalipa unaposhuka mbele, bei moja popote uendapo, dola tatu na ushee za pale, na chenji hakuna kwa hiyo weka sarafu kamili. Tafuta iliyoandikwa North Point, panda juu, kaa mbele kabisa. Mwisho wa safari inakata kona inaingia mtaa wa Chun Yeung ambao ni soko, soko kweli kweli, samaki, mboga, matunda, reli zinapita katikati yake, siku ya mvua unaona toka juu miavuli imejaa barabara nzima, tramu inapiga kengele ding ding, miavuli inagawanyika pande mbili taratibu, tramu ikipita inajifunga tena nyuma yenu. Hakuna anayegombana. Hiyo kwangu ilizidi mandhari yoyote ya mlimani.

Njaa ikishika kuna migahawa midogo wanaita cha chaan teng, agiza chai ya maziwa, nzito, inachujwa kwenye chujio refu la kitambaa halafu wanatia maziwa ya kopo, sisi watu wa chai ya rangi na ya maziwa hatuna shida nayo kabisa. Vyakula vingi vina nguruwe, kwa hiyo Waislamu wenzangu tuishie kwenye chai, msosi tukale tukirudi ng'ambo Tsim Sha Tsui, Chungking Mansions, barabara ya Nathan, dakika chache tu toka Ocean Terminal. Jengo la 1961, lina ghorofa 17, limechakaa, lifti zina foleni, ila chapati zipo, biriani ipo, sambusa zipo, na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wamekuwa wakifuata simu pale miaka mingi, usishangae ukisikia mtu anaulizia bei kwa Kiswahili. Msikiti mkubwa wa Kowloon nao upo barabara hiyo hiyo, kwa anayetaka kuswali kabla ya kurudi kazini.

Jambo la usalama. Pale mvua ina viwango vya tahadhari, ikipita milimita 30 kwa saa wanatangaza ya manjano, 50 nyekundu, 70 nyeusi. Ya manjano tembea tu. Nyekundu kaa kwenye majengo na madaraja yenye paa, kaa mbali na miteremko ya milima. Nyeusi usitoke ulipo mpaka ipungue, siyo mchezo, Septemba 2023 zilishuka milimita 158 ndani ya saa moja, rekodi tangu waanze kupima 1884. Na ikiwa ni kimbunga na wakapandisha ishara namba 8, pantoni na tramu zote zinasimama, hapo kama upo Central wahi treni ya chini ya ardhi, laini nyekundu, Tsim Sha Tsui ni kituo cha pili, toka hapo unatembea mpaka melini kama mmefunga Ocean Terminal, na wewe wa kazi piga hesabu ya muda mapema kwa sababu sisi tunatakiwa ndani kabla ya abiria.