TAHADHARI: Tapeli wa "kompyuta za msaada za serikali ya Marekani" anazunguka mashuleni

Walimu wakuu na kamati za shule, msitume hela! Kuna mtu anatembea na barua yenye nembo ya tai, anasema kompyuta zilizotoka ofisi za serikali ya Marekani zinagawiwa bure, shule ichangie usafiri na bandari tu. Shule moja imempa shilingi milioni nne na laki mbili kwa kompyuta 30. Ni michango ya wazazi, kuna waliotoa elfu mbili mbili.

Aliaminiwa kwa sababu mpango huo upo. Unaitwa Computers for Learning, unatokana na amri ya Rais Clinton ya 1996, na ni kweli shule inayopokea ndiyo hugharamia usafirishaji. Alichoficha ni kwamba ni wa shule zilizoko Marekani na maeneo yake. Shule ya Tanzania haimo.

Zikaletwa 28, Dell OptiPlex 7010. Zikachomekwa stoo mbele ya wajumbe: feni inazunguka, taa ya kitufe inapepesa njano, skrini nyeusi. Fundi akafungua mfuniko. Mahali pa hard disk, diski inayohifadhi mafaili, patupu, hata kibebeo chake hakuna. Nafasi nne za RAM, vile vipande vya kumbukumbu ya muda ambavyo bila hivyo mashine haiwaki, zote tupu. Serikali kutoa diski ni kawaida, inalinda taarifa zake. RAM haina siri ya mtu, imechomolewa ikauzwe. Ilipoazimwa RAM, ikadaiwa password ya BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine. Hilo angalau lina dawa: chomoa umeme, toa kijumpa (kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) kilichoandikwa PSWD kwenye ubao mama, washa, inafutika. Na aliahidi Windows 11! Prosesa za mashine hizi ni Intel za kizazi cha tatu, haziipokei, inataka kuanzia cha nane.

Kuwaibia watoto waliokuwa wanasoma kompyuta kwa kuchorewa ubaoni! Akamatwe, arudishe hela yote, afungwe.

Dalili zilikuwepo. Namba ya simu ya kulipia ina jina la mtu mwingine kabisa. Barua pepe ni ya Gmail, haiishii .gov. Hataki mashine ifunguliwe kabla ya malipo. Akija kwenu akasema ni mali ya serikali yetu, mwambieni alete kumbukumbu namba ya malipo (control number), tarakimu 12, inaanza na 99.

Namba za mashine zote 28 ziko polisi. Mafundi, mkiletewa RAM za DDR3, aina inayotumika kwenye mashine hizi, kwa mkupuo, ulizeni zimetoka wapi.