Uzoefu wangu: viwanja vya Rideau Hall, Ottawa, majani yanapopukutika

Nimekuwa nikizuru viwanja vya Rideau Hall, makazi rasmi ya Gavana Mkuu wa Kanada, kila mwaka tangu nihamie Ottawa, na baada ya kuviona katika majira yote ninashauri kwamba anayetaka kuvifaidi hasa aende mwanzoni mwa Oktoba. Wengi hupenda kwenda wakati wa joto ili wawaone askari wa gwaride wakibadilishana zamu. Kufikia Oktoba gwaride limekwisha, wageni wamepungua, na mtu hupata nafasi ya kuitazama miti kwa utulivu.

Kiingilio hakuna. Ukishapita lango la Sussex Drive, una ekari 79 za kutembea, zikiwamo nyasi za uwanja wa kriketi na msitu mdogo wa mepo, mti ambao jani lake limo katika bendera ya nchi. Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka 1838 na Thomas McKay, mwashi aliyepata utajiri kwa kazi za mfereji wa Rideau. Serikali iliikodi mwaka 1865, kisha ikainunua mwaka 1868.

Kilichonifanya niwe narudi ni miti iliyopandwa na wageni wa taifa, ambayo imezidi mia moja, na mingi ina kibao kidogo chenye jina la aliyeipanda na tarehe. Mwaka jana nilikwenda na mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Pangani, na tulitumia karibu saa tatu tukisoma vibao hivyo kimoja baada ya kingine. Habari ya Rais John F. Kennedy, aliyepanda mwaloni mwekundu hapo Mei 1961 na kuutonesha mgongo wake uliokuwa na maumivu ya siku nyingi, ilimgusa sana, akampa pole kana kwamba yuko mbele yake. Kisha akanikumbusha mnazi uliopandwa nilipozaliwa, akasema kwamba hata wakubwa wa dunia wanajua kuwa mgeni akiondoka mti hubaki ukimsema. Kuhusu rangi, alisema mbuyu wetu nao hupukutisha majani wakati wa kiangazi, ila hauwaki kwanza namna hii, mwekundu na wa dhahabu mpaka ardhi yote inabadilika.

Vaa viatu vinavyoshika vizuri, kwa kuwa majani yaliyolowa huteleza, na uchukue koti hata jua likiwaka. Kwa mzee, chupa ya chai ya tangawizi ni ya lazima. Anayetaka kuingia ndani ya nyumba aulizie mapema utaratibu wa ziara.

Mwishoni mwa Oktoba mama aliomba turudi kabla hajasafiri. Mepo zilikuwa zimebaki matawi matupu, lakini mialoni ilikuwa bado imeshikilia majani yake ya rangi ya kutu, naye akasimama chini yake kwa muda mrefu bila kusema neno.