Karani asiyekunywa chai: miezi mitano na programu ya akili unde katika ofisi ndogo ya wakili

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na mawakili wenzangu. Programu hii nailipia dola 30 kwa mwezi, tena kwa kadi ya benki, M-Pesa haitaki, na shilingi ikiyumba nami nayumba nayo. Jina lake sitalitaja. Ziko nyingi za aina hiyo, na nadhani haya yangu yanazigusa karibu zote. Kazi yake ni kusoma nyaraka, kutafuta sheria, kuandaa rasimu za barua na hati za kiapo, na kugeuza sauti kuwa maandishi. Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa River Road, Nairobi, orofa ya tatu, chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao. Tuko wawili tu: mimi na karani wangu, ambaye namwita Mzee kwa sababu aliingia kazi hii mimi nikiwa bado shule ya msingi.

Mzee ni mtu wa enzi za foleni. Alikuwa akifika mahakama ya Milimani kabla masjala haijafunguliwa, na alijua amsalimie nani ndipo faili "lililopotea" lionekane. Julai 2020 kesi za Nairobi zilipoanza kupokewa kwa mtandao, ujuzi wake wote huo ulikosa soko kwa mara moja. Kwa hiyo nilipomwambia nimenunua programu nyingine, alivua miwani, akaifuta, akaniuliza, "Na hii nayo inakuja kunipokonya nini, wakili?"

Siku ya kwanza niliitwika kazi ninayoichukia kuliko zote: mkataba wa upangaji wa kurasa 46, umeskaniwa upande upande, kurasa nyingine zimeingia kichwa chini. Kabla chai haijapoa ilikuwa imenitolea vifungu vyote vya kupandisha kodi, tarehe zake, na pale ambapo ukurasa wa 12 unapingana na wa 31. Nilipitia kimoja kimoja kwa kalamu. Vilikuwa sawa vyote. Kazi hiyo ingenila jioni nzima na macho pia. Siku hiyo ningeulizwa ningeipa nyota tano bila kufikiri.

Kisha akaja mama wa vitambaa.

Ana duka dogo karibu na Biashara Street, mwaka wa tisa sasa, bila mkataba wa maandishi, kodi anatuma kila mwezi kwa simu. Mwenye jengo alikuwa amemwandikia barua ya kumtaka ahame baada ya siku 30. Alipoketi hakuanza na barua, alianza na simu yake. "Wakili, nimeshauliza. Simu imesema nina miezi sita." Alikuwa ametumia ile programu ya bure ambayo watoto wanafanyia kazi za shule. Wateja wa namna hii siku hizi wengi: wanakuja na jibu mkononi, wanachotaka kwako ni muhuri tu.

Nami, kwa kiburi cha mtu aliyelipa dola 30, niliweka swali lilelile kwenye yangu. Ikajibu miezi sita. Zaidi ya hapo ikanitajia kifungu cha 25.

Kifungu cha 25 kipo, na miezi sita ipo. Ila ni vya Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya Uingereza, ya 1954. Yetu ni Sura ya 301 ya sheria za Kenya, ya 1965, inayohusu maduka, hoteli na mikahawa. Ni ndugu wa ile ya Waingereza kwa sura, lakini si kwa masharti. Kwetu mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi analindwa, notisi lazima iandikwe kwenye fomu maalumu na itaje sababu, na haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu aipokee. Ana mwezi mmoja wa kujibu kama anakubali au hakubali, na akitaka kupinga anakwenda kwenye jopo la mizozo ya kodi za majumba ya biashara, ambalo sote tunaliita BPRT (Business Premises Rent Tribunal), kabla siku ya notisi haijatimia. Mama huyu angekaa akihesabu miezi sita ya simu, angeamka mwezi wa tatu akute kufuli mlangoni.

Ukijua mtambo unavyofanya kazi hushangai. Hauna kabati la sheria ndani yake. Unatabiri neno linaloelekea kufuata jingine, kutokana na maandishi mengi mno uliyolishwa, na katika maandishi hayo Uingereza na Marekani zimejaa kuliko Kenya. Ukiuliza juu juu, unajibiwa ya wenye wingi.

Basi nikafanya kitu ambacho ningefanya tangu mwanzo. Nilichukua Sura ya 301 yote kutoka Kenya Law, tovuti ya sheria na hukumu za Kenya, ambayo ni bure, nikaibandika humo pamoja na barua ya mwenye jengo, nikaiambia: tumia hii peke yake, linganisha. Nusu dakika. Barua si fomu iliyowekwa, haitaji sababu yoyote kati ya zile zinazokubalika, siku 30 ni pungufu ya miezi miwili, na kila hoja ina kifungu chake mbele yangu. Programu ileile, dakika tano baadaye, na ungedhani ni wakili mwingine. Tangu siku hiyo siiulizi swali la sheria bila kuipa sheria yenyewe.

Kwenye sauti bado inanichekesha. Mama alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nane kwa WhatsApp, Kiswahili chake cha mjini kilichochanganyika na Sheng. Pale aliposema mwenye jengo alichukua "doo ya miezi miwili", yaani pesa, mapema, programu iliandika "dua ya miezi miwili". Fikiria hati ya kiapo inayodai kwamba landilodi aliombewa dua ya miezi miwili na akakataa kutoa risiti. Sheng bado naiandika mwenyewe.

Kosa lililonitoa jasho lilikuja wiki mbili baadaye. Niliiomba initafutie maamuzi ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambako rufaa za BPRT huenda, kuhusu notisi zisizo kwenye fomu. Ilileta manne, kila moja na majina ya wahusika, mwaka na namba yake, likiwa na muhtasari uliopangika vizuri. Nilikuwa na kesi nyingine ya kusikizwa kwa video kupitia Teams asubuhi ileile, nikamwachia Mzee achape maamuzi hayo tuambatanishe. Saa moja baadaye akasimama mlangoni na karatasi tatu. "Wakili, hii ya nne sijaiona. Namba nimeiweka mara mbili. Ikifunguka ni mirathi ya shamba."

Nikaiweka mwenyewe. Mirathi ya shamba. Majina niliyopewa hayakuwepo popote. Nilipoiuliza programu, iliomba radhi kwa adabu nyingi, kisha ikanipa nyingine ambayo nayo haikuwepo.

Mwaka 2023 nilisoma habari za mawakili wa New York waliopeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT katika shauri la Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Jaji P. Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Nilicheka wakati ule, nikasema wenzetu hawasomi. Kumbe kilichonitenga nao ni mzee mmoja mwenye mazoea ya kufungua kila faili kabla ya kulichapa. Ujuzi wake wa foleni ulikosa soko, lakini ile tabia ya kutoamini faili mpaka alishike mkononi ndiyo iliyoniokoa.

Lingine ni siri za wateja. Siweki jina, namba ya kitambulisho wala namba ya kiwanja. Mama wa vitambaa humo ndani ni "mpangaji A". Sheria ya Ushahidi inanifunga nisitoe aliyoniambia mteja bila idhini yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kama uliyemkabidhi habari za watu ni karani au kompyuta iliyo ng'ambo. Kufuta majina kwa mkono kunakula muda, na muda huo hauonekani kwenye matangazo yao.

Halafu kuna bili. Mama alipoiona aliniuliza bila haya, "Kama ni mashine imeandika, mbona nikulipe wewe, wakili?" Nilimwambia Sheria ya Mawakili inatukataza kushuka chini ya viwango vilivyowekwa, ambayo ni kweli, lakini niliona haijamwingia. Nikamwonyesha jibu la miezi sita kwenye simu yake, kisha kifungu cha miezi miwili kwenye karatasi. Alinyamaza, akahesabu, akalipa nusu. Nusu nyingine tunaingoja.

Barua yetu ilipofika, mwenye jengo aliiondoa yake na kuleta notisi mpya, safari hii kwenye fomu, yenye sababu na miezi miwili kamili. Tumeipinga BPRT kabla ya siku yake na tunangoja kusikizwa.

Kwa sasa naipa nyota tatu. Kusoma mikataba, nne na nusu. Kutafuta kesi, moja, na hiyo moja ni ya adabu yake. Malipo ya mwaka nimeyakataa, nalipa mwezi kwa mwezi. Mzee ameomba nimfungulie akaunti yake, na jana nilimkuta ameibandikia hukumu ya kurasa 80, anaihoji kama shahidi: "Umesema aya ya 54. Nisomee hiyo aya neno kwa neno."