WhatsApp Business kwa Anayeuzia Nyumbani: Inafaa Kiasi Gani Mteja Akitaka Kuja Kuchukua Mwenyewe?

Wauzaji wengi wa mtandaoni wa Dar es Salaam hawana duka. Bidhaa hupigwa picha sebuleni, huwekwa Instagram na kwenye status ya WhatsApp, kisha mzigo husubiri mnunuzi juu ya kabati. Mteja akiwa Mwanza au Mbeya mambo huwa mepesi: mzigo hupelekwa Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi, hukatiwa risiti, mteja hutumiwa jina la basi na namba yake, na biashara huisha bila pande mbili kuonana. Ugumu huanza kwa mteja wa mjini humu humu, yule anayeona nauli ya bodaboda ni gharama isiyo na sababu wakati yeye yuko Sinza na muuzaji yuko Tabata, na ambaye huandika kwa nia njema kabisa: "Dada, nielekeze nyumbani, nipite mwenyewe nikitoka kazini." Kumkatalia ni kupoteza mauzo, na kumkubalia ni kumfungulia geti mtu usiyejua chochote juu yake zaidi ya picha ya maua aliyoiweka kwenye akaunti yake.

Tathmini hii inaipima WhatsApp Business kwa mzani huo peke yake. Sitasema mengi kuhusu katalogi, ambayo hupokea hadi bidhaa 500, wala kuhusu ujumbe wa kukaribisha wateja, maana hayo yanafanya kazi na hayana ubishi. Programu ilitolewa Januari 2018, haina malipo, na hukaa kwenye simu moja pamoja na WhatsApp ya kawaida mradi kila moja iwe na namba yake. Mimi huitumia kuuzia mashuka na mapazia, na ninachotaka kujua ni kama inamlinda mtu ambaye stoo yake ni chumba wanacholala watoto wake.

Ni wazi kwamba waliobuni programu hii walimfikiria mwenye duka lenye mlango barabarani. Unapojaza wasifu wa biashara inakuomba anwani, alama ya ramani, saa za kufungua na kufunga, barua pepe na tovuti, kwa sababu kwa mwenye duka taarifa hizo ni tangazo la bure. Kwa anayeuzia nyumbani, taarifa zile zile humweleza mgeni mlango ulipo na saa ambazo mwenye nyumba yupo, na hivyo pia saa ambazo hayupo. Bahati nzuri sehemu ya anwani si ya lazima. Iache wazi, au andika "Dar es Salaam" na uishie hapo. Saa za kazi ni vizuri kuziandika, maana hupunguza simu za saa nne usiku, lakini maelezo ya biashara yaseme bayana kwamba hizo ni saa za kujibu ujumbe na kwamba mizigo hukabidhiwa kwa miadi. Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko miaka kumi iliyopita. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina kibao cha namba, mitaa ina nguzo za majina, na mfumo wa kidijitali wa anwani hizo, NaPA, unaweza kumfikisha mtu mlangoni, ilhali zamani mgeni alilazimika kuuliza kwa mangi na kwa vijana wa kijiweni, na maulizo hayo yenyewe yalikuwa ulinzi wa aina yake.

Kasoro kubwa ya programu ni namba ya simu. Mteja huiona mara tu anapofungua mazungumzo, na muuzaji hana kitufe cha kuificha. Hapa kwetu namba hiyo hubeba mengi, kwa kuwa laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na anayeanza kutuma pesa kwenye namba yako huonyeshwa jina la mwenye akaunti kabla hajakamilisha muamala. Anaweza kusitisha hapo hapo akabaki na jina lako bila kutumia hata shilingi moja. Akishapata jina, Facebook humpa yaliyobaki: shule uliyosoma, ndugu zako, picha za kipaimara cha mtoto, pengine na geti lako la bluu nyuma ya keki.

Kwa sababu hiyo laini ya pili kwa ajili ya biashara ninaihesabu kuwa sehemu ya gharama za kuanza, sawa na mifuko ya kufungia mzigo. Inatenganisha mazungumzo ya wateja na ya familia, na siku mteja akigeuka msumbufu unaweza kuizima bila kupoteza namba ambayo mama yako anaijua kwa kichwa. Hata hivyo laini ya pili peke yake haifichi jina ikiwa nayo umeifungulia akaunti ya pesa, kwa kuwa usajili ni wa mtu yule yule. Kinachofaa zaidi ni kuiacha laini ya WhatsApp bila akaunti ya pesa, na malipo yote kuyaelekeza kwenye lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, ili mteja anayelipa asome jina la biashara badala ya jina lako la ukoo. Kwa upande mwingine, muuzaji naye anaweza kuitumia njia hiyo hiyo kumjua mnunuzi kabla ya kutoka nyumbani. Anayejiita Neema na laini yake ikasoma jina la mwanamume si lazima awe tapeli, maana wengi hutumia laini za waume na kaka zao, lakini ni sababu tosha ya kupiga simu na kusikia sauti kabla ya kupanga mahali pa kukutana.

Kitu cha pili kinachohitaji uangalifu ni lokesheni. Programu inatoa aina mbili: ya kutuma mahali ulipo mara moja, na ya moja kwa moja inayoonyesha mwendo wako kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Tatizo ni kwamba chaguo la kutuma mahali ulipo liko jirani kabisa na orodha ya maeneo ya karibu, na muuzaji mwenye haraka, akiwa kitandani na akitaka kumwelekeza mteja kituo cha mafuta cha jirani, anaweza kubonyeza mstari usiofaa na kutuma nukta inayoangukia juu ya paa lake. Ujumbe unaweza kufutwa kwa wote ndani ya siku mbili na ushee, ila kufuta hakuondoi kilichokwisha kusomwa au kupigwa picha ya skrini. Salama zaidi ni kutafuta mahali pa kukutania kwa jina ndani ya sehemu hiyo hiyo ya lokesheni, kisha kukituma kituo chenyewe. Lokesheni ya moja kwa moja, kwa upande wake, ninaipenda inapotumwa na mteja: akiiwasha kwa dakika 15 unaona kwamba kweli amefika Ubungo, na hutoki nyumbani mapema ukasimama barabarani na mfuko wa mashuka mkononi huku yeye akiandika "niko njiani" kutoka ofisini kwake.

Picha nazo husema. Zikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp huzipunguza ukubwa na kuondoa taarifa za mahali zilipopigwa, lakini zikitumwa kama faili ili ubora usipungue, taarifa hizo huweza kubaki ikiwa kamera iliruhusiwa kurekodi mahali. Anayeuza vitambaa hushawishika kufanya hivyo, kwa kuwa wateja hutaka kuona nyuzi. Zima ruhusa hiyo kwenye kamera na uendelee na kazi. Dirisha lenye mandhari ya msikiti au mnara wa simu unaojulikana ni jambo lingine ambalo hakuna programu itakayokuondolea.

Katika makabidhiano yenyewe ndipo WhatsApp Business inapolipa fadhila. Majibu ya haraka, ambayo unaweza kuhifadhi hadi 50 na kuyaita kwa alama ya mkwaju (/), humwondolea muuzaji aibu ya kukataa. Kumwambia mtu "sipokei wateja nyumbani" kwa maneno ya papo kwa papo huleta mabishano, na kwa muuzaji wa kike mara nyingi huleta maswali kama ameolewa. Ujumbe ulioandaliwa husomeka kama utaratibu wa biashara, na watu wetu huheshimu utaratibu kuliko ombi. Wangu unasema: "Asante kwa oda yako. Kuchukua mwenyewe ni Jumanne na Ijumaa, saa 9 hadi saa 11 jioni, Mlimani City. Utakagua mzigo kwanza, kisha utalipa kwa lipa namba. Siku nyingine tunatuma kwa boda." Ninaongeza lebo ya "Atachukua mwenyewe" kwenye mazungumzo, na mwisho wa wiki ninajua ni akina nani walifika na ni akina nani walinipotezea nauli.

Mlimani City nimeichagua kwa sababu kuna walinzi, kamera, mwanga na mahali pa kukaa mteja asipofika. Kituo kikubwa cha mafuta hufaa kwa mizigo midogo. Wapo wanaoshauri nje ya kituo cha polisi, na kwa usalama wana hoja, isipokuwa mteja ukimtajia mahali hapo huuliza kwanza kosa lake ni nini. Ukumbi wa benki nisingeutumia, kwa kuwa anayetoka benki huvutia macho ya watu usiowataka. Kuhusu boda, kinga yake ni ya nusu: mteja hajui kwako, ila dereva anapajua, na dereva huyo huyo ndiye anayebeba mizigo ya nusu ya mtaa. Mkabidhi mzigo kwa mangi au kwenye kijiwe chake, hata kama ni mwendo wa dakika chache tu.

Kuhusu malipo programu haina msaada wowote hapa nchini, na ingekuwa vema wauzaji walijue hilo wasije wakaamini picha ya skrini inayotumwa ndani ya mazungumzo. Picha ya muamala si muamala, na meseji inayofanana na ya kampuni ya simu inaweza kuandikwa na yeyote. Fungua salio la lipa namba kabla mfuko haujatoka mkononi, na mteja akikasirika kwa kusubirishwa, mwache akasirike. Ujumbe wa kitapeli, wa aina ya "ile hela tuma kwenye namba hii", unaweza kuupeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa namba 15040. Fedha taslimu sizipendi katika makabidhiano ya barabarani, kwa sababu huweka pesa na bidhaa mahali pamoja, mbele ya watu, kwa dakika ile ile.

Faragha ya mteja nayo ihesabiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haiwahusu benki na kampuni za simu peke yao. Muuzaji anayehifadhi majina, namba na mitaa ya wateja naye anashika taarifa za watu. Ile desturi ya kuanika kwenye status namba ya mteja aliyeagiza akaingia mitini inaridhisha roho kwa jioni moja, lakini huwatangazia wateja wengine wote kwamba namba zao nazo haziko salama kwako.

Nikilinganisha na njia nyingine, soko la Facebook huonyesha eneo la muuzaji kwa makadirio na huruhusu mazungumzo bila namba ya simu, ambalo ni jambo zuri, lakini humweka muuzaji sokoni akiwa na wasifu wake wote, picha za familia zikiwemo. Tovuti ya matangazo ya kuuza na kununua iitwayo Jiji, ambayo mwaka 2019 ilizinunua shughuli za OLX nchini Tanzania na katika nchi kadhaa za Afrika, huwashauri watu kukutana mahali pa wazi na kutolipa kabla ya kuona bidhaa. Ushauri ni sahihi, ila umeandikwa kwa kumwonea huruma mnunuzi, na muuzaji ameachiwa ajihurumie mwenyewe. Chaneli za WhatsApp, zilizosambazwa duniani mwaka 2023, hazionyeshi namba ya mwenye chaneli kwa wafuasi. Kwa kuonyesha bidhaa zinafaa sana, ingawa mfuasi hawezi kuagiza humo na hatimaye utalazimika kumpa namba.

Kwa anayeuza nguo, mashuka, vyombo au vipodozi, vitu ambavyo hakuna atakayepanga kukuvizia kwa ajili yake, ninaipa WhatsApp Business nyota tatu na nusu kati ya tano. Nyota moja imepotea kwa sababu ya namba isiyofichika, na nusu kwa mpangilio wa lokesheni. Kwa anayeuza simu, kompyuta mpakato au vito ninashusha hadi mbili, kwa kuwa kitu cha thamani kinachoingia mfukoni hakilindwi na lebo wala majibu ya haraka. Huyo akubaliane na mwenye duka Kariakoo amkodishie kona ya kaunta, mteja achukulie hapo mbele ya watu, na kodi ya kona hiyo iingizwe kwenye bei ya bidhaa tangu siku ya kwanza.