Printa yangu ya wino baada ya miaka miwili: nyota 3 kati ya 5

Printa hii ya wino ninayo mwaka wa pili sasa, nachapia mitihani ya wanafunzi wangu na picha mara mojamoja. Kwa uchapaji sina lawama. Herufi zinatoka kali, hata zile ndogo za chini ya michoro. Shida ni siku ilipogoma.

Ilikuwa usiku, na mtihani ni asubuhi. Nilipoiwasha, kibebeo cha katriji kilikimbia kushoto kikajigonga ko!, kikarudi, kikajigonga tena, kisha taa zikaanza kumweka. Kioo kikaandika: hitilafu ya kifaa, zima kisha washa. Nikazima, nikawasha, yakawa yaleyale. Kitabu cha maelekezo nacho kinaishia hapohapo, kinakwambia umwone fundi.

Nikaichomoa kwenye umeme, nikafungua kifuniko na kumulika ndani kwa tochi ya simu. Kipande cha karatasi kilikuwepo kweli, kidogo kama ukucha, kimejibana kwenye rola. Nikakitoa kwa kibano. Kuwasha, ko!

Ndipo nikauona ule mkanda. Ni utepe mwembamba wa plastiki angavu, umetandazwa nyuma ya kibebeo toka upande mmoja hadi wa pili. Ukiusogelea sana unaona vistari vilivyosongamana kuliko meno ya kitana. Kwenye kibebeo kuna kihisi cha mwanga kinachohesabu vistari hivyo, na printa hujulia hapo kichwa cha kuchapia kimefika wapi. Mkanda wangu ulikuwa na doa la wino na grisi, upana wa kidole. Kibebeo kikifika pale hesabu inapotea, kinapitiliza mpaka ukutani.

Nililowesha kitambaa kisichoacha nyuzi, nikakikamua kikabaki na unyevu tu, nikaupangusa taratibu bila kuuvuta, maana umeshikiliwa na springi ndogo na ukichomoka kuurudisha ni kazi. Spiriti sikuthubutu, nilihofia isifute vile vistari. Ulipokauka nikawasha. Kibebeo kikateleza mpaka mwisho, kikarudi kulia kikatulia mahali pake. Mitihani yote nikaichapa usiku uleule.

Nyota 2 nimeinyima kwa sababu ya kile kitabu. Aliyeitengeneza anajua mkanda huo upo na kwamba huchafuka. Mistari miwili ya maelezo ingenitosha. Kuinunua tena ningeinunua, ila kwanza ningefungua kifuniko nione kama mkanda wote unafikika kwa mkono.