Digrii ya nesi ukiwa kazini: yaliyonikuta mimi mpaka nikamaliza

Miaka tisa nimekuwa nesi wa diploma, KRCHN (nesi wa afya ya jamii aliyesajiliwa Kenya), na mingi ya hiyo miaka nimekaa leba, na tangu mwaka wa tatu kazini nlikuwa nasema mwakani narudi shule, mwakani narudi shule. Septemba 2022 ndio nikajiandikisha digrii ya kuapgredi hapa hapa Mombasa, ile ya watu walioko kazini, na sasa cheti ninacho mkononi. Wenzangu wengi wananiuliza kama inafaa, basi nitasema yote, mazuri na mabaya, ila chuo chenyewe sikitaji jina.

Karo ndio swali la kwanza la kila mtu. Semista moja ilikula zaidi ya mshahara wangu wa mwezi, nikachukua mkopo wa sacco na bado naulipa. Kilichoniuma sio karo, ni vile vipesa vya pembeni ambavyo siku ya kujiandikisha hakuna aliyevitaja, pesa ya mtihani, pesa ya maktaba, pesa ya kwenda fildi, kila nikidhani nimemaliza naletewa risiti nyingine. Waambie wakuandikie kila kitu kwenye karatasi kabla hujatoa shilingi. Na usiulize tu kama chuo kinatambulika, angalia kama Nursing Council, baraza la manesi la Kenya, imekiidhinisha kufundisha hiyo BScN (digrii ya unesi) yenyewe, orodha wanayo.

Ratiba waliyonionyesha ilikuwa jioni na wikendi. Semista ya kwanza kweli ikawa hivyo. Ya pili kipindi kimoja kikahamishwa Jumatano saa nne asubuhi, hatukuulizwa, na darasa zima ni watu wa shifti. Inchaji wangu, yule nesi msimamizi wa wadi, Mungu ambariki, alinipangia naiti za Jumanne ili asubuhi niwe huru, kwa hivyo nlikuwa natoka kazini saa moja na nusu, napanda feri, nafika Likoni mamangu ashampeleka mtoto shule, naoga, saa nne niko kwenye Zoom na macho yanawaka moto, na bando ikikatika katikati ndio basi, rekodi hawaweki. Patofiziolojia, lile somo la vile ugonjwa unavyovuruga mwili, karibu yote nimeisoma nimesimama kwenye feri. Bila inchaji anayekuelewa hii kitu ni ngumu sana, ongea naye kwanza, hata kabla ya mumeo.

Sasa nije kwa kile kilichonifanya niandike.

Nlipoingia nlijua nafuata cheti. Masomo ya uongozi na ya kufundisha nliyapita salama, sina mengi ya kusema. Lakini takwimu na utafiti vilinishika. Mwanzoni kila mtu darasani alikuwa anaandika sampuli ya watu 384, ukiuliza 384 imetoka wapi hakuna ajuaye, ni kunakili tu kwa waliotangulia. Mwalimu wetu wa takwimu akasimamisha kipindi akatufanyia hesabu ubaoni, 1.96 mara 1.96 mara nusu mara nusu, gawanya kwa 0.05 mara 0.05 (1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95, 0.05 ni kosa unaloruhusu), ndio hiyo 384. Halafu akasema kama manesi unaowafanyia utafiti jumla yao ni 120, hao 384 utawatoa wapi? Kuna hesabu ya kupunguza, na ukiifanya unabaki na 92. Wallahi nlifurahi kama mtoto. Mara ya kwanza namba iliniambia kitu badala ya kunitisha.

Mada yangu ilikuwa damu baada ya kuzaa, tunavyoikadiria kwa macho. Sote tunajua mpaka wa kusema mama anavuja damu kupita kiasi ni mililita 500 kwa aliyezaa kwa njia ya kawaida, lakini nani anapima? Unaangalia shiti, unasema hii kama mia tatu hivi, unaandika. Basi katika kusoma nikakutana na utafiti wa E-MOTIVE, umetoka 2023, umefanywa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kina mama zaidi ya 210,000. Hospitali zingine ziliendelea na mazoea, zingine zikapewa mfuko wa plastiki wenye mistari wa kukinga damu, na damu ikifika mstari wa hatari matibabu yote yanaanza kwa pamoja, kukanda tumbo, oksitosini ya kukaza kizazi, asidi ya tranexamic ya kusaidia damu kuganda, dripu, kumkagua mama, sio kujaribu moja ungoje uone. Penye mfuko kuvuja damu kuligundulika 93 kwa mia. Kwa macho, 51 kwa mia.

Yaani karibu nusu. Karibu nusu ya kina mama wanaovuja hatuwagundui, na sisi tumesimama pale.

Kuna mama mmoja wa miaka ya nyuma, nliandika damu mililita 400, baada ya nusu saa presha ikaanguka. Alipona alhamdulillahi. Lakini usiku nlipofika kwenye jedwali la utafiti huo nlimkumbuka uso wake nikafunga kompyuta, sikusoma tena mpaka asubuhi.

Mifuko ile hatuna. Nlichofanya nlinunua mizani ndogo ya jikoni Mwembe Tayari, nikawaonyesha wenzangu, pedi na kitambaa unavipima vikavu, vikilowa unavipima tena, kila gramu moja iliyozidi, ihesabu kama mililita moja ya damu. Wiki ya kwanza walinishangaa. Siku hizi mtu akiwa na wasiwasi anaitafuta mwenyewe.

Kuna dada mmoja kazini aliniambia, dada yangu, sindano ni ile ile ya diploma. Nikamweleza utafiti wa Linda Aiken, mtafiti wa unesi wa Marekani, na wenzake wa 2014, nchi 9 za Ulaya, wagonjwa wa upasuaji: kila manesi wa digrii wakiongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 7. Ila nikamweleza na upande wa pili, utafiti huo huo unasema ukimuongezea nesi mgonjwa mmoja tu, uwezekano huo unapanda asilimia 7. Kwa hivyo unisomeshe kisha unipe wadi nzima peke yangu, faida umeshaila. Hapo tulielewana.

Kilichonivunja moyo ni supavaiza, mwalimu anayesimamia utafiti wako. Proposo yangu, yaani mpango wa utafiti, ilikaa kwake miezi minne, napiga simu hashiki, naenda ofisini naambiwa yuko mkutanoni. Ilipotoka bado kamati ya maadili, bado leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, bado ruhusa ya hospitali, na mahafali ya kwanza yakanipita hivyo hivyo huku karo ya semista ya ziada nimelipa mimi. Sio haki. Uliza mapema supavaiza mmoja anabeba wanafunzi wangapi, na uliowaona wamemaliza walichukua muda gani hasa.

Na mshahara: usidhani cheti kitakupandisha chenyewe. Tangu afya iende kaunti 2013 unaandika barua, inaenda bodi ya kaunti, inangoja bajeti. Yangu bado inangoja. Kama mkopo utaulipa kwa kutegemea nyongeza hiyo ya mshahara, ahirisha kwanza, weka akiba. Kama una inchaji anayekusikiliza na unataka kujua kwa nini unafanya unachofanya kila siku pale wadini, nenda, mimi ningerudi tena.

Mizani iko leba mpaka leo, juu ya friji ya oksitosini. Betri nishabadilisha mara mbili.