Matembezi ya chakula Mji wa Kale wa Lamu: uzoefu wangu

Mimi ni mtu wa Mombasa, Majengo, nimelelewa kwa mahamri na mbaazi za nazi. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia amelipia matembezi ya chakula Lamu, shilingi 2,500 kwa kila kichwa, nilimuuliza kama ana homa. Mtu wa Pwani alipe aonyeshwe viazi karai? Lakini yeye ni wa Murang'a, likizo ni yake, na pesa alikuwa ameshatuma kwa M-Pesa. Nikanyamaza. Tukaenda watatu, pamoja na mdogo wangu wa kike. Kati ya pesa ile iko sehemu sijutii hata senti, na iko sehemu hadi leo inaniuma. Ukijua ipi ni ipi utaokoa yako.

Mpango ulikuwa wa vipande viwili. Kuanzia saa tatu asubuhi, sokoni kisha chakula cha mchana. Halafu mnapumzika, na saa kumi na moja jioni mnatoka tena kuzunguka mitaani hadi usiku. Tuliahidiwa kundi lisilozidi watu sita. Asubuhi tukajikuta kumi na mmoja. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani unavijua kama umefika: punda aliyebebeshwa mawe ya ujenzi akitokea mbele, kila mtu anajibana ukutani na kuvuta tumbo ndani. Watu kumi na mmoja huko ni msafara wa harusi. Sisi tuliokuwa nyuma tuliambulia maneno mawili matatu, mengine yaliishia kwa Wajerumani waliotangulia.

Soko liko ubavuni mwa Ngome ya Lamu. Mwongozaji wetu, kijana mpole wa mtaa wa Langoni, alitusimamisha juani akitueleza Ngome: imeanzwa kujengwa 1813, imemalizika 1821, imekuwa jela mpaka 1984. Yote sawa, na kijana anajua historia ya mji wake. Ila mimi nilikuja kula, na chai niliyokunywa alfajiri ilikuwa imeshasahaulika tumboni.

Kilichonifurahisha asubuhi ile hakikutoka kwake. Ilikuwa Julai, na kwenye meza za samaki hapakuwa na mengi: changu wachache, papa aliyekatwa vipande, ng'onda waliokauka hadi wanagonga kama mbao. Nikamuuliza mzee mmoja muuzaji, baada ya shikamoo, kulikoni. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini usiku ni giza. "Kusi hili, mwanangu. Bahari imechafuka. Ndoo wakati wa kaskazi uone samaki." Kusi ni ule upepo wa kutoka kusini, kaskazi ni wa kutoka kaskazini. Hiyo "ndoo" mdogo wangu aliicheka njia nzima, kwa kuwa kwetu ndoo ni ya kuchotea maji, na kwa Waamu, watu wa Lamu, ndiyo "njoo". Mzee akaniambia pia kamba-mti wazuri wanatoka Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, na nisikubali anayeniuzia aliyelala kwenye barafu akasema amevuliwa leo. Dakika tano na mzee yule zilinifaa kuliko saa nzima ya kuzungushwa. Basi ukitaka Lamu ya samaki, epuka miezi ya kusi. Hilo kwenye tangazo lao halimo, na ilitakiwa liwe la kwanza.

Sasa mchana. Tulipelekwa hoteli moja ya pwani, jina nalihifadhi, yenye mandhari ya majahazi na menyu ya Kizungu. Mhudumu alimpokea mwongozaji wetu kama ndugu aliyerudi kutoka Uarabuni. Hapo moyo wangu ukaanza kuingia shaka. Wali wa nazi ulikuja mweupe, umechambuka, mzuri kwa picha, na haukuwa na ladha ya kitu. Nazi ya kukunwa kwa mbuzi ina mafuta yake, na wali wake una ukoko chini ya sufuria ambao nyumbani watoto wanaugombania. Nikauliza ukoko. Mhudumu akadhani nalalamika wali umeungua, akaniomba radhi. Nikaelewa: tui la pakiti. Samaki wa kupaka alikuwa ameokwa mpaka amekauka, na ule mchuzi wa ukwaju na nazi umemwagiwa juu mwishoni badala ya kupakwa kidogo kidogo akiwa motoni. Halafu ikaja bili ya vinywaji, ambavyo kumbe havimo kwenye zile 2,500. Juisi ya ukwaju, shilingi 350. Mume wangu alilipa bila neno. Mimi neno nilikuwa nalo, nikalimeza na ukwaju.

Ningeandika hapa nyota mbili nikamaliza, kama si jioni.

Jioni tulibaki watano. Wengine walichoka, wengine walikwenda Shela kuogelea. Kijana akawa mtu mwingine kabisa. Hakutaja tarehe hata moja. Alitupitisha Langoni kwa ndani, mbali na Usita wa Mui, njia kuu yenye maduka, akabisha mlango usio na kibao wala taa, akapiga hodi kwa jina la mama mwenye nyumba. Tukakaribishwa uani.

Bimkubwa alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mofa. Nimekula mkate wa mofa zaidi ya mara moja maishani, wa kununua, umeshapoa, na sikuwahi kuona unavyookwa. Mofa yenyewe ni kama mtungi mkubwa wa udongo uliosimikwa, mdomo wazi juu, makaa chini. Pembeni kuna bakuli la unga wa mawele uliokandwa, umechachuka kidogo, na bakuli jingine la maji. Anachukua donge, analipiga viganjani mpaka liwe bapa, unene wa kidole, anachovya mkono majini, halafu mkono wote unaingia ndani ya moto, anabandika donge ukutani mwa mofa, na mkono umesharudi. Hana haraka wala hana woga. Kuanzia kifundo hadi kiwiko, mkono wake wa kulia hauna unywele hata mmoja. Akimaliza duara moja anafunika, anazungumza na sisi, na hatazami saa. Ananusa tu. Harufu ikibadilika anafunua na kubandua kwa kichuma.

Mkate wa kwanza alimpa mume wangu. Ukamchoma, akawa anaurusha mkono huu kwenda mkono huu. "Mkwe wetu huyu wa bara," bimkubwa akasema, "moto haujui?" Ua mzima ukacheka, hata mume wangu. Ganda ni gumu na lina madoa ya moshi, ndani ni laini na una uchachu wa mbali. Tuliula na mishikaki iliyoletwa na mjukuu kutoka kona ya mtaa, ya ng'ombe, imelowekwa papai na tangawizi, na pilipili ya ukwaju ya kuchovya. Mdogo wangu, ambaye nyumbani anaacha ncha za mkate, alikula minne. Nilipomuaga bimkubwa nilimbusu mkono kama nilivyofundishwa na nyanya yangu, akaniuliza mimi ni wa nani Mombasa. Tukapekuana ukoo robo saa nzima huku Wajerumani wawili waliobaki wakisubiri kwa adabu.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya mwongozaji. Viazi karai nitavipata mwenyewe, vimepangwa mbele ya kila baraza. Mlango ule nisingeujua, na hata ningeujua, nisingeubisha.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Viazi karai vya kawaida, sivisemi, vya kwetu ni vizuri zaidi na nitasimamia hilo. Kaimati zilikuwa na shira nyingi mno. Tulimalizia kahawa chungu yenye tangawizi uwanjani mbele ya Ngome, kwenye vile vikombe visivyo na mkono, wazee wakicheza bao, muuza kahawa akigonganisha vikombe kutangaza dele lake limejaa. Halwa kipande. Hapo tena nilikuwa nimeshasamehe karibu yote isipokuwa ile juisi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ukiwaandikia, waulize kama wanakubali ulipie jioni peke yake. Sisi tuliuliza tukiwa tumechelewa, wakasema inawezekana, 1,500. Mchana tafuta mwenyewe kibanda ambapo wenye mashua na makuli wanakula, pale utaona jungu na wali una ukoko. Uliza idadi ya watu na wakujibu kwa maandishi. Beba noti ndogo na sarafu, kwa maana bimkubwa hatakuwa na chenji ya elfu. Akina dada, lesso ya kujifunika mabega haina uzito mkobani. Na ukienda Ramadhani usitegemee lolote mchana. Ikifika magharibi mji mzima unakula, na sidhani utahitaji mwongozaji.

Jambo moja la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nipige hesabu upya. Siku ya pili jioni tulirudi kwa bimkubwa peke yetu. Nilibisha hodi mwenyewe, nikiwa na wasiwasi kidogo. Akafungua, akacheka: "Leo mmekuja bila wageni." Mkate wa mofa ulikuwa shilingi ishirini mmoja. Tukachukua kumi na mbili, akatutilia mmoja wa nyongeza, akaifunga kwenye gazeti. Ilikuwa chakula cha safari ya kesho yake. Tulipanda boti ya kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, asubuhi na mapema, tukaingia basi, mume wangu akafungua gazeti kuona tu kama haijavunjika. Ilikwisha kabla hatujafika Witu.